Kabla Mtoto Hajafunua Ukurasa

Ukivikusanya vitabu vya picha vinavyosomwa katika madarasa ya maandalizi Unguja na Pemba, ukavifungua kuanzia nyuma, utakuta vingi vinamalizika kwa namna moja. Hadithi imekwisha, mbaya ameadhibiwa, mwema amepewa zawadi, na chini ya picha ya mwisho mwandishi ameandika kile alichotaka kukisema tangu mwanzo: tuwe majasiri, tusikate tamaa, tuwasikilize wakubwa wetu. Mwalimu huisoma sentensi hiyo kwa sauti, watoto huiitikia kwa pamoja kama wanavyoitikia salamu, na kitabu hurudi kabatini. Kila mmoja ameridhika, maana maneno mema yamesemwa na yameitikiwa. Naona hapo ndipo kitabu kinapoikosa kazi yake. Kuchagua vyema, kuthubutu na kuvumilia ni mambo ambayo mtoto huyapata kwa kuyafanyia mazoezi, na kitabu cha picha kina mahali pamoja tu pa kumpa mazoezi hayo, napo ni katikati ya hadithi, pale mkono unapokuwa umeshafika kwenye pembe ya ukurasa na mwenyewe bado hajui upande wa pili kuna nini.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu wengi wetu tunakichukulia kuwa kitabu cha kawaida kilichopambwa ili kisimchoshe mtoto. Kitabu cha picha huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa na kukatwa, na ndiyo sababu mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32. Mwandishi mwenye kurasa 24, akishaondoa ukurasa wa jina na ule wa maelezo ya uchapaji, hubakiwa na jozi kumi au kumi na moja za kurasa zinazotazamana. Katika kila jozi maneno ni machache, pengine sentensi mbili, na sehemu kubwa ya habari imo kwenye picha: nani anamtazama nani, mlango uko wazi au umefungwa, mkono umeshika nini. Mtoto wa miaka minne asiyejua herufi hata moja huisoma picha hiyo kwa makini kuliko mwalimu wake, kwa kuwa mwalimu ana haraka ya kuyafikia maneno. Halafu ukurasa hufunuliwa. Kati ya jozi moja na inayofuata pana pengo ambalo mwandishi hakuliandika wala mchoraji hakulichora, na mtoto hulijaza kwa kukisia. Anaposema "atarudi nyumbani" au "atapanda", ameshaipima hatari, ameshaifikiria tabia ya mhusika, na ameshachukua upande, yote hayo kabla mwalimu hajavuta pumzi ya sentensi nyengine.

Tuchukue mfano ambao mtoto wa Pemba hahitaji kuelezwa. Msimu wa karafuu unapoingia, wakubwa wako juu ya mikarafuu, wadogo wako chini wakiokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka, na usiku nyumba nzima imekaa mkekani kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo kila aliye juu analijua tawi lililobeba zaidi. Sasa mchoraji amchore mtoto wa miaka minane aliyeachwa chini. Kidole gumba cha mguu wake kimeshakanyaga gamba la mti. Kaka yake, ambaye pakacha lake limejaa, anamwita kwa mkono. Macho ya mtoto yako kwenye tawi jembamba la pembeni lenye vichala vingi kuliko yote, na nyuma kabisa, mdogo kwenye picha, yuko mama yake aliyegeukia jamvi la kuanikia. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla, bila kutoa ishara, na ni nadra kumpata mtoto wa shamba Pemba asiyewahi kusikia habari za mtu aliyeanguka. Maneno chini ya picha yawe haya tu: "Kaka akaita tena." Hapo mwalimu anyamaze.

Mmoja atasema apande, kwa kuwa kaka yake mbona hakuanguka. Mwengine atasema achukue upembo alivute tawi kwa chini. Wa tatu atauliza mama anaangalia wapi. Hakuna kati yao aliyefundishwa lolote kuhusu ujasiri, na wote wanaujadili. Ikiwa mwandishi anaijua kazi yake, watagundua wenyewe kwamba kwenye mti ule pana ujasiri wa aina mbili zinazopingana, wa kupanda, na wa kushuka huku wenzako wanakucheka. Sentensi ya mwisho inayosema "tuwe majasiri" haiwezi kuwatenganishia. Kwa mtoto ambaye kaka yake yuko juu ya mti, sentensi ile tupu inamsukuma kwenye tawi.

Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la maandalizi, nje kidogo ya mji wa Wete, wakati kitabu cha namna hiyo kikisomwa, kikihusu mtoto aliyepotea sokoni. Katikati ya hadithi msichana mdogo aliuliza, "Kwani mama yake hakumshika mkono?" Mwalimu, ambaye kwa yote mengine alikuwa mpole na mwenye bidii, alimwambia anyamaze kwanza wamalize. Walimaliza. Fundisho likasomwa, likaitikiwa, na lile swali ambalo lilikuwa bora kuliko fundisho halikurudi tena. Simlaumu mwalimu, ndivyo alivyofundishwa kufundisha, na ndivyo kitabu chenyewe kilivyomtaka afanye.

Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliachwa peke yake chumbani na kuambiwa asikichungulie kitu cha kuchezea kilichowekwa mgongoni kwake, kisha akasomewa hadithi, kisha akaulizwa kama alichungulia. Waliosomewa hadithi ambazo mwongo anapata mabaya hawakusema kweli zaidi kuliko waliosomewa hadithi isiyohusu kweli wala uwongo. Waliosomewa hadithi ya mtoto aliyekiri kosa mbele ya baba yake, na baba akaufurahia ukweli wake, ndio waliosema kweli zaidi. Watafiti walipoigeuza hadithi hiyo hiyo ili mwisho wake uwe wa mabaya kwa mwongo, nguvu yake ikaondoka. Sisi tuliokulia chini ya bakora, skuli na chuoni tulikosoma Kurani, tutaipokea habari hii shingo upande, na ni haki kusema kwamba jaribio moja la Kanada haliwi sheria ya Micheweni. Hata hivyo sababu yake haiko mbali. Adhabu humwonyesha mtoto linalompata mwongo. Haimwonyeshi kweli inasemwaje, kwa maneno gani, ukiwa umesimama wapi, na uso wa anayeambiwa unakuwaje. Hilo la pili ndilo linaloweza kuchorwa.

Watafiti wa Toronto, Kang Lee akiwa miongoni mwao, walikuja kuchunguza pia kama wanyama wanaovaa nguo na kuzungumza huwafundisha watoto kugawana. Watoto wa miaka minne hadi sita waliosomewa hadithi yenye wahusika binadamu waligawa zaidi vibandiko walivyopewa. Waliosomewa hadithi hiyo hiyo yenye wahusika wanyama hawakugawa zaidi. Wapo watakaosema basi Sungura na Fisi waondoke vitabuni. Mimi siko pamoja nao. Sungura wa ngano zetu hakuwahi kuajiriwa kufundisha tabia njema. Yeye huonyesha mdogo anavyoponyoka mikononi mwa mkubwa, na mtoto anayecheka Fisi anapoachwa ameshika mzizi akidhani ni mguu wa Sungura anajua vizuri kwamba haambiwi aige. Kosa ni la siku hizi, la kumvalisha Sungura sare za skuli na mkoba mgongoni, kisha kumtaka afundishe uaminifu, yeye ambaye katika hadithi nyengine zote za ukumbini ni laghai. Watoto wanamjua. Hawamwamini.

Ngano zetu zilikuwa na njia bora zaidi ya kuufundisha uvumilivu, na njia hiyo ilishaandikwa. Katika mkusanyo wa hadithi alizozichukua kwa wasimulizi wa Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870, Edward Steere aliiweka ile ya Sultani Majnuni na wanawe saba, ambayo wengi wetu tuliisikia kwa jina la Nunda mla watu. Mwana wa mwisho, Mkaa-jikoni, anadharauliwa na baba yake. Kaka zake sita, kila mmoja kwa mwaka wake, wanashindwa kuulinda mtende wa Sultani usiliwe tende na ndege. Yeye anakesha na kumkamata. Baadaye paka wa Sultani anageuka nunda na kula watu, wakiwamo watoto wa Sultani mwenyewe, na Mkaa-jikoni anatoka kwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamburura hadi kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda. Mama anamwambia siye. Anatoka tena na kurudi na ngawa. Siye. Pundamilia siye, twiga siye, kifaru siye, tembo siye. Kila anachokileta ni kikubwa zaidi, na kila mara jibu ni lile lile, mpaka anapompata nunda mwenyewe.

Hadithi hii imejengwa kama kitabu cha picha kabla vitabu vya picha havijafika visiwani. Kila safari ni jozi moja ya kurasa. Mtoto anayesikiliza anajua mapema, kabla ya Mkaa-jikoni, kwamba mnyama huyu siye, na anapiga kelele "Siye!" kabla mama hajafungua mdomo, yeye ndiye hakimu. Kushindwa hakufichwi wala hakufupishwi. Linganisha na vitabu vya leo ambavyo uvumilivu wake wote uko kwenye ukurasa mmoja: alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, akafaulu. Mtoto anayejifunza kuendesha baskeli barabara ya Konde hashindwi mara moja. Anashindwa wiki nzima, goti linachubuka pale pale lilipokuwa limeanza kupona, na kitabu kinachompa kushindwa kwa mara moja hakimfai kitu siku ya tano.

Mtazame pia mama yule. Hamsifii mwanawe kwa kuua mbwa, na hamcheki. Anamwambia kweli kila anaporudi, na kila anaporudi mlango uko wazi. Katika mafunzo ya malezi tunayoletewa, huambiwa ama tumsifu mtoto kwa kila jambo au tumkosoe ili akomae, na kati ya hayo mawili hatuonyeshwi sura ya mzazi anayesema "siye" kwa sauti ambayo mtoto anaweza kuondoka nayo kwenda kutafuta tena. Mchoraji mzuri angeshughulika na uso wa mama huyu kuliko meno ya nunda.

Lipo jambo la uvumilivu linaloniudhi zaidi ya hilo la ufupi, nalo ni malipo. Mvumilivu hula mbivu, tunasema, na vitabu vyetu huichora mbivu yenyewe: kikombe, cheti, baskeli mpya, makofi ya skuli nzima. Huko Marekani jaribio lililofanywa na Walter Mischel na wenzake katika skuli ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, liliwapa watoto tamutamu moja na ahadi ya kuongezewa wakingoja bila kuila. Kwa miaka mingi matokeo yake yalitangazwa kwamba aliyeweza kungoja ndiye aliyefanikiwa ukubwani. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wawili walilirudia suala hilo kwa watoto zaidi ya 900, na uhusiano ule ukaonekana kuwa mdogo zaidi, na sehemu yake kubwa ikaondoka hali ya nyumbani ilipotiwa hesabuni. Hili halimshangazi mwalimu yeyote wa kijijini. Mtoto wa nyumba ambayo ahadi hutimizwa huweza kungoja. Mtoto wa nyumba ambayo kilichopo leo huenda kesho kisiwepo hula kilichopo, na hapo amechagua kwa akili zake kamili. Kitabu kinachomtukuza mvumilivu peke yake, bila kumchora aliyemshikia ngazi, kinamwambia mtoto wa pili kwamba kasoro ni yake.

Pemba ina habari ya kweli inayoweza kuiondoa dosari hiyo, na inashangaza kwamba hatuioni vitabuni. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda ambaye hapatikani kisiwa kingine chochote duniani, aliwindwa na kukatiwa miti yake hadi karibu atoweke. Kuanzia miaka ya 1990 watu wa vijiji kadhaa, Kidike wakiwamo, walianza kuilinda miti anayolala, wakaanzisha jumuiya zao, wakakataza uwindaji katika maeneo hayo, na kufikia mwaka 2008 popo hao walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Haikuwa kazi ya shujaa mmoja, na hakuna ukurasa wa kikombe. Wapo wazee waliokuwa wakimla popo na wakaacha, wapo vijana waliokataa mwaliko wa kuwinda, na wapo waliolinda mti ule ule miaka nenda miaka rudi. Mwandishi wa watoto akiulizwa amchore nani katikati, atalazimika kufikiri upya maana ya mhusika mkuu, na hilo peke yake lingekuwa faida.

Nimeliacha hadi hapa suala zito zaidi, ambalo ujasiri, uchaguzi na uvumilivu vyote vinakutana ndani yake. Vitendo vya udhalilishaji wa watoto vinajulikana visiwani na vinazungumzwa, barazani na redioni, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 ipo. Kinachokwamisha mara nyingi ni muhali: mtendaji ni jirani, ni mjomba, ni mtu wa heshima, na mambo humalizwa kifamilia. Katika hali hiyo tunampa mtoto wa miaka mitano kitabu kinachomalizikia kwa kusema tuwasikilize wakubwa wetu. Heshima kwa wakubwa ni nguzo ya malezi yetu na siitaki iondoke. Ila mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakatazwi, na ambaye hajaonyeshwa hata mara moja, kitabuni wala penginepo, mtoto mwenzake akisema "sitaki" kwa mtu mzima na akasifiwa, tumemwacha bila kitu cha kushika siku atakapokihitaji.

Kitabu cha jambo hili si lazima kitishe, wala hakihitaji kuchora lolote la aibu. Mtu mzima anayejulikana na wote anampa mtoto tamutamu na kumwambia jambo fulani wasimwambie mama. Picha inaonyesha uso wa mtoto tu, na tamutamu mkononi bado haijafunguliwa. Ukurasa unaofuata mtoto yuko mlango wa jikoni na mama yake ana shughuli, mgongo ameupa mlango, anasema "baadaye mwanangu". Hapa ukurasa usifunuliwe haraka. Watoto waulizwe aende wapi sasa. Watataja bibi, watataja dada, watataja mwalimu wa kike, pengine watamtaja mtu ambaye mwalimu hakumtarajia, na mwalimu mwerevu atalikumbuka jina hilo. Katika kurasa zinazofuata mtoto yule anamwendea wa pili, naye hamsikilizi vizuri, kisha wa tatu anayeacha kila kitu, anakaa chini na kumsikiliza. Kusema mara ya tatu baada ya kutosikilizwa mara mbili ni uvumilivu ambao hauna kikombe, na ndio nitakaoupenda watoto wetu waujue kabla ya mwengine wowote. Mzazi atakayeona kitabu hicho kinamfundisha mtoto utovu wa adabu akisome hadi mwisho, aangalie ni mkubwa gani aliyesikilizwa na ni yupi aliyekataliwa.

Yote haya yanamtegemea anayesoma. Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani mwaka 1988, waliwafundisha wazazi wa watoto wa takriban miaka miwili hadi mitatu wasomee kwa kuuliza maswali yasiyo na jibu moja, wapokee jibu la mtoto na kuliongezea, wasisome tu kutoka juu hadi chini. Baada ya mwezi mmoja lugha ya watoto hao ilikuwa mbele ya ile ya wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida. Wasimulizi wetu wasingeshangaa, kwani bibi anayesema "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa", na kila msimulizi hodari alijua kuacha wimbo wa hadithi mikononi mwa watoto. Tulipopotea ni pale tulipoihamishia hadithi darasani tukaisoma kama tunavyosomesha kuhifadhi. Kuhifadhi kuna heshima yake. Mtoto anayeikamilisha juzuu amevumilia kweli kweli, na hakuna kitabu cha picha kitakachomfikisha hapo. Kitabu cha picha hakihifadhiwi, na walimu wa maandalizi, ambao wengi wao walisoma chuoni asubuhi na skuli mchana, au kinyume chake, wanahitaji kuonyeshwa tofauti hiyo kwa vitendo.

Ukubwa wa madarasa ni kikwazo cha kweli. Watoto wengi mkekani na nakala moja ya kitabu maana yake ni kwamba walioko nyuma wanaona migongo ya wenzao. Hakuna dawa kamili ya hilo, lakini mwalimu mwenye msaidizi anaweza kuwasomea watoto kumi huku wengine wakicheza nje, na kitabu kimoja kikasomwa wiki nzima badala ya vitabu vitano kusomwa siku moja moja. Watoto hawachoki kurudia. Wanaochoka ni sisi.

Kuhusu picha zenyewe nitasema machache. Vitabu vingi vinavyotufikia vimechorwa bara au ng'ambo, na mtoto wa Kojani anaonyeshwa milima na makundi ya ng'ombe ilhali ngalawa, dago la wavuvi na mikoko ya nyumbani kwake havimo. Msichana mwenye ushungi mweupe wa skuli akiwa katikati ya ukurasa, akifanya uamuzi, ni picha ambayo mtoto wa Chake Chake ana haki ya kuiona. Nyumba ambazo haziridhii picha za viumbe zipo, na mchoraji mwenye busara anaweza kufanya mengi kwa mikono, migongo, vivuli na nyayo mchangani. Rangi nne ni ghali kuchapa. Rangi mbili zinatosha ikiwa mistari ni hai.

Vitabu visivyo na maneno kabisa vinastahili kupewa nafasi kubwa zaidi kuliko vilivyopewa. Bibi ambaye hakusoma skuli lakini anafungua msahafu kila alfajiri huambiwa, kwa kauli au kwa kitendo, kwamba kitabu cha mjukuu si chake. Kisicho na maneno ni chake. Pengine atakifungua kutoka kulia, na mjukuu atamgeuzia, na watacheka, kisha atakisimulia kwa Kipemba chake, kila usiku kwa namna nyengine, na atauliza maswali yake mwenyewe kabla ya kufunua. Maktaba za umma za Maisara na Chake Chake zingeweza kuviazimisha kwa skuli za maandalizi kwa zamu, na skuli zikaviachia vilale majumbani.

Kwa Taasisi ya Elimu Zanzibar, na kwa wachapishaji wanaoiletea miswada, ningependekeza kipimo kimoja kabla ya kitabu kupitishwa, ambacho hakihitaji fedha nyingi. Rasimu ipelekwe katika madarasa machache ya Unguja na Pemba, maneno ya mwisho yakiwa yamefunikwa, na mtu akae pembeni aandike watoto wanasema nini kila mwalimu anaposita. Ukurasa ambao watoto wote wanajibu kitu kimoja, kwa sauti moja, urudishwe kwa mwandishi na mchoraji wake ukafanywe upya.